Mlango Usio na Alama ya Fundi

Nilihesabu. Kutoka barazani mpaka ua wa pili, Bwana Vedasto alisema “mafundi kutoka Pwani” mara saba. Saba, na bado nyua tatu zilikuwa zinatungoja. Nilikuwa nimemeza maneno, maana asubuhi ile Majidi, mwajiri wangu, alinionya mapema: “Tatu, leo ulimi wako ufungie kabatini. Huyu mgeni ndiye anayeandika ubao.”

Ubao wenyewe ndio ulionichosha roho miaka mitatu. Mimi natembeza wageni Nyua Tano, lile tembe kubwa la enzi za misafara pale nyuma ya Ng'ambo, na mwaka huu ni wa kumi na tisa. Mtu akitaka kuonesha Tabora, anaonesha mlango wa Nyua Tano. Umo kwenye kalenda, umo kwenye vitenge, umo mpaka kwenye chupa za asali ya Sikonge. Sasa jengo lilikuwa linaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na ubao wa shaba ulikuwa ubandikwe barazani, useme nini kilitengenezwa lini na nani. Mlango ule kautengeneza baba yangu. Nilitaka jina lake liandikwe kabla hajafa. Sikutaka fidia, sikutaka shukrani, sikutaka hata picha. Jina tu.

Baba yangu ni Mzee Lukumani, seremala wa Ng'ambo, ana miaka themanini na minne. Yeye mwenyewe hajawahi kuniambia lolote. Aliyeniambia ni marehemu mama, mwaka ule alipougua. “Mlango wa Nyua Tano ni wa baba yako,” alisema. “Mwaka sabini na nne. Ulikuwa unatambaa, unakula maranda yake, nakutoa mdomoni kwa kidole.” Nikaenda kwa baba mbio, nikamuuliza, Baba, ni kweli? Akasema niletee maji ya kunywa. Nikamletea. Akanywa, akasema Alhamdulillahi, akalala. Hayo ndiyo majibu yake mpaka leo.

Lakini nilikuwa na macho. Baba hapiti mbele ya Nyua Tano. Akienda msikitini Ijumaa huzunguka nyuma, kwa wauza mkaa, njia ya vumbi na ndefu, na miguu yake hiyo mibovu. Mtu anaikimbiaje nyumba ya watu miaka hamsini kama hakudhulumiwa? Nilijua wamemdhulumu. Aliyekuwa mwenye tembe wakati ule ni Abdulatifu, baba yake Majidi, na ndiye aliyeanza kuwaambia watu kwamba mlango ulitoka Pwani, ukabebwa vichwani mwa wapagazi miezi mitatu. Majidi karithi tembe na uongo wake. Mimi ananilipa mshahara niutangaze.

Basi tukaingia ua wa pili, ule wa maghala. Vedasto alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, shati limepigwa pasi, mkononi ana fomu ndefu kwenye ubao wa kubania karatasi. Alinipa shikamoo nzuri ya nyumbani, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu mtu mwenye adabu ni vigumu kumgombeza. Akapapasa ukuta, unene wake dhiraa mbili kasoro, akatikisa kichwa kwa mahaba.

“Ustadi huu,” akasema, “unaonesha wazi mkono wa mafundi kutoka Pwani.”

Ya nane hiyo. Kabati likafunguka lenyewe.

“Baba,” nikamwambia Vedasto, “huo ukuta ni udongo wa kichuguu. Pwani gani ina vichuguu? Waliukanda kwa miguu Wanyamwezi wa hapa hapa, na wake zao ndio waliosiliba. Tazama juu. Boriti hizo ni mninga, na juu yake ni udongo uliopigwa kwa magongo mpaka ukawa sakafu. Unaweza kuanika mpunga huko juu. Wa Pwani wangejenga kwa matumbawe. Hapa mtu atatoa wapi matumbawe, Igunga?”

Majidi alikohoa kikohozi cha kunikanya. Yeye ni mtu wa kanzu nyeupe na marashi, mcheshi kwa wageni, na akikasirika hukohoa tu.

“Mama Najiat huyu ana mapenzi na mahali hapa,” akamwambia Vedasto, akicheka.

“Nimesema udongo, sijasema mapenzi,” nikajibu.

Vedasto, haki yake nimpe, aliandika: udongo wa kichuguu, boriti za mninga, kazi ya wenyeji. Nikaona kalamu inavyokwenda na roho ikanitulia kidogo. Nikajisemea, huyu akielezwa anasikia. Nikaanza kutembeza kwa moyo.

Nikampeleka ua wa tatu, wa wapagazi. Hapo wageni wengi hupita haraka, hapana vidaka, vile vishubaka vya plasta, wala aya iliyochorwa juu ya mlango kama sebuleni kule mbele. Ni kuta tupu. Lakini uchuchumae, upate kimo cha mtu aliyekaa chini kachoka, utaona. Wamechora kwa mkaa. Watu kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, na mizigo begani. Pembe ya ndovu kubwa kuliko anayeibeba. Mwanamke ana mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Sehemu nyingine watu wa mstari wameunganishwa shingoni kwa mstari mmoja mrefu, na hapo sisemi kitu, namwacha mgeni aone. Vedasto alichuchumaa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamebadilika.

“Hawa hawana majina,” akasema.

“Hawana,” nikasema. “Na yule ambaye jina lake linajulikana, nalo hamliandiki.”

Majidi akakohoa mara mbili.

Ua wa nne ulikuwa wa wanawake, na kuta zake zimesilibwa kwa vidole. Mawimbi, mawimbi, safu kwa safu, mpaka unaona wapi mwenye mkono mdogo alimpokea mwenye mkono mkubwa. Ua wa tano ni jiko na kisima. Nilieleza vyote. Vedasto aliandika vyote. Kisha tukarudi kwa njia ya ubavuni mpaka barazani, mbele ya mlango.

Mlango wa Nyua Tano ni mabawa mawili ya mninga, kimo cha mtu na nusu. Katikati umesimama mfaa, ule mti unaofunika pale mabawa yanapokutana. Miimo, ile miti ya kando, imechongwa mnyororo, juu kuna nusu duara iliyojaa maua, maua, majani, maua. Rangi imekolea kuwa nyeusi ya kahawa. Na kila bawa lina nyufa ndefu, mbili huku, tatu huku, za kutoka juu mpaka chini.

Vedasto alishusha pumzi. “Yungiyungi,” akasema, anaonesha maua. “Hili ni ua la India, lilipitia Pwani likaja mpaka huku. Na tazama nyufa hizi. Mbao ngumu kama mninga hazipasuki hivi mpaka ipite miaka mia na zaidi. Nyufa zenyewe ndizo ushahidi wa umri.”

“Hasa,” akasema Majidi. “Hasa, bwana mkubwa.”

“Hilo ni ua la tumbaku,” nikasema.

Wakanigeukia wote.

“Nenda Sikonge mwezi wa pili ukaangalie shambani. Kikombe kirefu, mdomo una ncha tano. Yungiyungi lina shingo? Hilo ni tumbaku, na mlango una miaka hamsini, na aliyeuchonga yuko hai, yuko nyumbani kwake Ng'ambo, kutoka hapa ni dakika kumi. Anaitwa Lukumani. Ni baba yangu mzazi.”

Majidi hakukohoa safari hii. Alitabasamu, na ndipo nikajua kajiandaa.

“Bwana Vedasto,” akasema, “wewe si mwenyeji, ngoja nikueleze. Fundi wa Ng'ambo akichonga mlango, anaweka alama yake. Kila fundi na yake, ya huyu mwezi, ya yule samaki, ya Mzee Lukumani ni nukta tatu na mstari, ipo kwenye milango ishirini mjini hapa. Inawekwa juu ya mfaa, upande wa ndani. Huu mfaa. Ingia uangalie.”

Vedasto akaingia, akawasha taa ya simu, akaangalia. Nami niliangalia, ingawa nilikuwa nimekwisha kuangalia mara elfu. Hakuna kitu. Mti laini.

“Hamkumpa nafasi ya kuiweka!” nikafoka. “Alama haiwekwi siku mlango unaposimama. Fundi huitwa baadaye, anapikiwa pilau, anakula, ndipo anapanda ngazi kuweka alama. Baba yako hakumwita!”

“Una shahidi?” akauliza Majidi taratibu.

Shahidi! Mama yangu yuko makaburini, na Abdulatifu yuko makaburini hatua ishirini kutoka kwake. Damu ilinichemka mpaka masikio yanavuma. Vedasto alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekaribishwa chai akakuta watu wanagombana.

“Mama,” akaniambia, “mzee si yuko hai? Aje aseme mwenyewe, mbele yangu, atie sahihi hapa mstari wa tatu, penye ‘Mtengenezaji’. Akitia sahihi naandika jina lake, na ubao utachapwa hivyo hivyo. Ila iwe leo. Kesho asubuhi faili naondoka nalo.”

Sikusubiri. Nilipanda bajaji nikamwambia dereva akimbie.

Baba alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anasugua mpini wa jembe la jirani kwa kipande cha chupa. Macho yake hayaoni vizuri, hivyo akisugua mara moja anapapasa mara tatu. Nikamwamkia, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

“Siendi,” akasema.

“Baba, ni sahihi tu.”

“Nimesema siendi, Tatu. Niache nimalize mpini wa watu.”

Jamani, mtu huyu! Nilimbembeleza. Nikamsihi kwa jina la marehemu mama. Nikamwambia miaka mitatu nimeandika barua, nimepigwa danadana na kila ofisi, njoo kesho, njoo Jumatatu, mhusika yuko safarini, nimekwenda mpaka viatu vimeisha upande, na leo mtu amekuja kwa miguu yake na kalamu yake, kazi iliyobaki ni baba kufungua mdomo, na baba anasugua mpini! Mwishowe nikamwambia ukweli uliokuwa umebaki. “Nimesema mbele za watu kwamba mlango ni wako. Usipokuja, mimi ni mwongo. Majidi atanifukuza, na mji mzima utasema binti Lukumani anaokoteza sifa.”

Mkono wake ukasimama. Akauweka mpini chini, akaniomba kofia yake.

Tukapanda bajaji. Tulipofika, Vedasto alimkimbilia, akamshika mkono, “Shikamoo mzee.” Baba akaitikia marahaba. Majidi naye akampa shikamoo, kavu kabisa, na baba akamwitikia kwa kumtaja jina la baba yake, “Marahaba, mwana wa Abdulatifu.” Kisha akausogelea mlango. Nilitaka kumshika mkono, akanikataza.

Hakutazama maua. Hakutazama mnyororo wa miimo wala nusu duara. Alikwenda moja kwa moja kwenye ufa mkubwa wa bawa la kushoto, akauingiza ukucha wa kidole gumba, akaufuata polepole kutoka kifuani mwake mpaka chini alipoweza kuinama. Akaenda wa pili. Akaenda bawa la kulia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasoma dua.

“Zimezidi,” akasema. “Zilikuwa tatu. Sasa ni tano.”

“Mzee,” Vedasto akasema kwa upole, “mlango huu umeutengeneza wewe?”

“Mbao zilikuwa mbichi,” baba akasema.

“Samahani?”

“Mbao. Mlango wa kwanza ulikuwa umeliwa na mchwa. Abdulatifu alikuwa anategemea mgeni mkubwa, akanipa siku arobaini. Nikaenda Sikonge mwenyewe kuzichagua, wakati tumbaku inatoa maua, nikayachukua maua yale machoni, ndiyo haya. Mti ulikatwa mbele yangu. Ukipasua mninga unatakiwa uupange kivulini, na vijiti katikati upitishe hewa, ukae mwaka, ukae miwili. Mimi nilichonga unatoka maji. Patasi ikiingia, maji yanatoka.” Alijifuta vidole kwenye kanzu kama bado vina maji. “Nilijua. Nilijua, nikachonga. Mgeni alikuja, akasifu, akaondoka. Masika yakaja, yakaisha, jua likawaka, mlango ukapasuka kwa sauti. Watu walidhani bunduki.”

Vedasto alikuwa ameacha kuandika.

“Abdulatifu hakunikasirikia,” baba akaendelea. “Alichukua masizi na mafuta, akapaka nyufa zote, akasema sasa umezeeka, sasa ni wa kale. Akacheka. Kisha akanipikia pilau. Alichinja mbuzi, akaniita nije kuweka alama.”

“Alikuita?” nikasema.

“Aliniita mara tatu. Mimi ndiye niliyekataa.” Ndipo akanigeukia, na macho yake yale ya ukungu. “Alama haiwekwi siku ya kwanza, hilo unalijua. Hujui kwa nini. Mlango unaachwa upite msimu mmoja wa masika na kiangazi kimoja. Usipopasuka, fundi anakula pilau na anaweka alama. Ukipasuka, hali, na haweki. Hata akiitwa na sultani.”

Miaka yote hiyo. Miaka yote nimemtukana Abdulatifu kimoyomoyo nikipita makaburini, na kumbe alichinja mbuzi! Nilitaka kumwonea baba huruma, lakini kilichonijia kwanza ni hasira, na naisema hapa kama ilivyokuwa. Nilimkasirikia. Angeniambia siku ile ya maji ya kunywa, mimi nisingetembea mji mzima kugombana na watu.

Majidi alikuwa ametoa kitambaa anafuta jasho. Vedasto akageuza fomu. “Mzee, basi tuandike. Mwaka sabini na nne, Lukumani, Ng'ambo. Tia sahihi hapa, ‘Mtengenezaji’.”

“Hapana.”

“Mzee umeshasema ni wewe.”

“Nimesema ni mimi. Sijasema uandike. Hapo penye fundi ni penye alama. Sina alama kwenye mlango huu.”

“Baba!” Nilipiga kelele, wapita njia wakasimama. “Baba, watu wanatoka Ulaya kuja kuuona! Upo kwenye vitenge! Nani anayejali nyufa? Huyu msomi amesema nyufa ndizo zinazoonesha ukale wake! Tia sahihi, kwa ajili yangu basi, tia sahihi!”

“Mimi najali,” akasema baba.

“Amesema mwenyewe asiandikwe,” Majidi akadakia upesi. “Tuheshimu kauli ya mzee.”

“Wewe nyamaza!” nikamwambia mwajiri wangu. Sikujali tena.

Vedasto alikuna kichwa. Akaeleza kwamba bila sahihi hawezi kumtaja fundi, na bila fundi hawezi kuthibitisha mwaka, kwa hiyo mstari wa tatu itabidi aandike ‘Hajulikani’, na umri ‘inakadiriwa’. Alisema kwa huzuni ya kweli, nadhani, lakini kalamu yake ilikuwa inaandika wakati mdomo unahuzunika. H, a, j, u. Niliziona herufi moja moja.

“Hiyo karatasi yako,” baba akamuuliza, “haina mahali pa ubovu?”

“Upo mstari, mzee. Wa tisa. ‘Kasoro na chanzo chake.’”

“Nisomee ulichoandika.”

“Nimeandika, ‘Nyufa tano, chanzo ni umri.’”

“Futa. Andika mbao mbichi. Andika fundi aliharakishwa akakubali. Andika fundi ni Lukumani Sefu wa Ng'ambo. Hapo nitatia sahihi.”

Vedasto alinitazama mimi, akamtazama Majidi, akarudi kwa baba. Akafuta. Akaandika. Baba alishika kalamu kama anavyoshika patasi, karibu na ncha, akasogeza uso mpaka kope ziguse karatasi, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa kubwa mpaka zikaingia mstari wa kumi.

“Lakini huoni?” nikamwambia Vedasto, karibu nilie. “Karatasi moja! Mstari wa tatu unasema fundi hajulikani, wa tisa una jina na sahihi yake! Huo ni wazimu gani?”

“Mama, naona,” akasema. “Lakini wanaochapa ubao wanachukua mstari wa kwanza mpaka wa tano. Wa tisa ni kwa ajili ya watu wa ukarabati. Unabaki kwenye faili.”

Ubao ulifika baada ya wiki sita. Majidi hakunifukuza. Alisema hana kinyongo, na kwa kuwa ubao umetoka alivyotaka, kwa nini awe nacho. Mafundi walitoboa ukuta wa kichuguu kwa drili, udongo ukamwagika barazani, wakabandika shaba inayong'aa. Mlango. Mninga. Inakadiriwa karne ya kumi na tisa. Fundi: hajulikani. Siku hiyo hiyo lilikuja kundi la walimu, na mimi nikasimama mbele yao nikausoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu.

Mchana nilikwenda kwa baba. Nilikuta ameshakaa mkekani, wali na mchuzi wa kuku mbele yake. Sikumwamkia hata vizuri.

“Wameubandika,” nikasema. “Wameandika hujulikani. Kwa shaba, Baba. Utakaa hapo hata mimi nikifa.”

Akatafuna, akameza. “Na ile ya kasoro?”

“Iko kwenye faili. Nani anasoma faili?”

“Jina langu limo?”

“Limo.”

“Lote?”

“Lote, Baba. Na la baba yako.”

Akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na maneno tele, niliyapanga njiani kote, kwamba amenivunja, kwamba ameniachia uongo niusome kila siku mpaka nizeeke, kwamba ameutunza ufundi wake akanisahau mimi. Nilifungua mdomo nianze. Yeye akanisogezea bakuli.

“Niongezee,” akasema. “Na wali pia, ule wa chini.”

Nina miaka hamsini na mbili, pilau ile aliyoikataa ina hamsini, na sijawahi kumsikia baba yangu akiomba aongezewe chakula. Nilisimama na bakuli mkononi, nimekasirika, nikaenda jikoni nikampakulia.